Banda la mbao la kobe boksi: kuta poa, mengine yote juu yako

Nyota 3 kati ya 5, na hizo 3 ni za kuta tu. Nazungumzia lile banda la kukaa nje la kobe boksi (yule anayejifungia kabisa ndani ya gamba) linalokuja vipande vipande, unaunganisha mwenyewe kwa skrubu, ndani lina kijumba cha kulalia na juu kifuniko nusu waya nusu plastiki angavu. Tangazo linasema ukishaliunganisha tu unaweka kobe, jamani sio kweli, ukiliacha hivyo lilivyo ni sanduku tupu juu ya nyasi na kobe atashinda anazunguka pembeni pembeni akitafuta pa kutokea.

Kuta ziko fresh kabisa. Mbao zimeshikana, hazina upenyo, na hilo ni la maana sana kwa sababu kobe akiona nje atasukuma na kukwaruza kutwa nzima. Urefu ni kama sentimita 40, unatosha, ila hawa wanapanda kuliko watu wanavyodhani hasa kwenye kona, kwa hiyo ule ubao mwembamba waliouweka juu ukatokeza kwa ndani ndio ulionifanya nisirudishe mzigo. Akifika pale anagonga kichwa, anashuka.

Sasa huku chini hakuna kitu. Kukosa sakafu sio shida, anatakiwa akanyage udongo, shida ni kwamba hawajaweka hata kipande cha kuzamishwa ardhini na kobe anachimba, panya nao wanachimba, so ilibidi nipige mtaro kuzunguka nishushe waya mgumu kama sentimita 30 ndo nikasimamisha banda juu yake. Na ile plastiki ya kifuniko ing'oe tu weka waya. Jua likipiga ndani panakuwa oveni, halafu plastiki za aina ile zinazuia UVB, ile miale ya jua ambayo kobe anaihitaji kutengeneza vitamini D3, akiikosa kalsiamu anayokula haimsaidii na gamba linaweza kulainika. Ila kifuniko chenyewe usikiache, mbwa na kunguru hawana huruma, na lile gamba la tumboni lenye bawaba analojifungia haliwezi kushinda meno ya mbwa.

Kijumba? Hajawahi kulala humo hata kwa bahati mbaya. Ni kikavu mno, na huyu ni kobe wa misitu ya mashariki mwa Marekani, anataka unyevu na mahali pa kujifukia. Kwa hiyo nikamwaga udongo wa kawaida na mboji, juu tabaka nene la majani makavu, upande wa kivuli nikapanda kangaga, upande wa jua stroberi na nyasi za mashada. Panda mimea iliyokwisha kukomaa na uiache ishike mizizi kwanza, michanga anaipitia kama katapila. Ile ya dukani uliza kama imepuliziwa dawa ya wadudu, na olianda usiiweke kabisa, ni sumu. Beseni la maji lifukie mpaka mdomo uwe sawa na ardhi, maji yasimzidi kidevu, na ubadilishe kila siku maana anajisaidia humo humo.

Hapo ndo banda likawa banda. Nikimwagilia asubuhi nyungunyungu wanapanda juu, yeye anatoka kwenye majani udongo umemjaa mgongoni, anasimama, anainamisha kichwa upande kama anasikiliza kitu, kisha anadaka anavuta kwa nguvu na mguu wa mbele anakanyagia. Stroberi anakula upande ulioiva tu, mwingine anawaachia konokono, halafu baadaye anakula konokono.

La mwisho ni ukubwa. Kwenye picha linaonekana pana, ila ukishapanda mimea nafasi ya kutembea inabaki nusu, mi nimetoa ukuta mmoja nikaunganisha na mbao zangu kulirefusha. Usiweke kobe wawili humo, madume wanapigana na dume halimwachi jike apumzike. Kama una msumeno na unajua kuutumia, nunua mbao na waya ujenge la kwako, utapata kubwa zaidi. Kama huna, chukua hili, kijumba geuza kiwe cha kuwekea koleo.