Ilford HP5 Plus ya inchi 4 kwa 5: filamu moja kwa mandhari na kwa watu

Ilford HP5 Plus, filamu ya picha nyeusi na nyeupe yenye kasi (yaani wepesi wa kuathiriwa na mwanga) ya ISO 400 iliyoingia sokoni mwaka 1989, inajulikana zaidi kwa watumiaji wa kamera za milimita 35, ambao huipendea chembe zake zinazoonekana waziwazi. Katika vipande vya inchi 4 kwa 5, kila kimoja kikiwa cha picha moja, tabia yake hubadilika. Eneo la picha ni takriban mara 13 ya lile la milimita 35, hivyo hata picha ikikuzwa vya kutosha kutundikwa ukutani, chembe hizo ni vigumu kuziona, na ile hoja kwamba mandhari sharti ipigwe kwa filamu ya polepole haina tena uzito iliokuwa nao.

Mahali ambapo filamu hii inastahili sifa zaidi ni katika picha za watu. Kwa kamera ya umbo kubwa, yaani ile inayotumia vipande hivi, mpigaji hulenga kwenye kioo cha nyuma akiwa chini ya kitambaa cheusi, kisha hufunga shata, huingiza kishikilia filamu na kuvuta kifuniko chake, na tangu hapo haoni tena kitu kwenye kioo; wakati huohuo anayepigwa picha anapumua, anayumba kidogo, na macho yake yanatoka katika ukali uliowekwa. Lenzi ya milimita 210 ikiwa wazi yote kwa umbali wa mita moja na nusu, kina cha ukali, yaani eneo linaloonekana kali mbele na nyuma ya pale ulipolenga, ni sentimita chache tu, kwa hiyo hakuna budi kubana tundu la lenzi hadi f/11 au f/16. Tena, kwa kuwa mvukuto, ile sehemu ya kukunjwa kati ya lenzi na filamu, hurefushwa mtu anapokuwa karibu, mwanga unaofika kwenye filamu hupungua: ukivutwa hadi milimita 250 kwa lenzi hiyo, karibu nusu stopu imekwisha kupotea (stopu moja ni nusu ya mwanga). Kivulini mchana, ISO 400 bado humwezesha mpigaji kutumia f/16 kwa sekunde 1/30 au hata 1/60, ilhali filamu ya ISO 125 katika mwanga huohuo ingehitaji muda zaidi ya mara tatu, na hapo hata mtu mtulivu hutoka na ukungu machoni.

Rangi za kijivu za katikati ni laini, na ngozi, iwe nyeusi au nyeupe, hubaki na maelezo yake. Mimi huipima kama ISO 200 ili vivuli vijae, kisha hupunguza kidogo muda wa kusafisha filamu katika dawa. Kwa anayefuata ISO 400, mtengenezaji anapendekeza dakika 13 katika dawa ya ID-11 iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kwa nyuzi 20 za Selsiasi. Ulaini huo, hata hivyo, huwa udhaifu siku ya mawingu mazito, kwa sababu milima ya mbali na anga hukaribia kuwa kijivu kimoja, na negativu hudai kazi zaidi wakati wa kuchapa. Anga la buluu nalo hutoka jeupe mno pasipo filta ya njano au ya machungwa, ambayo yenyewe hula sehemu ya kasi iliyolipiwa.

Jioni, shata inapokaa wazi zaidi ya sekunde moja, filamu huanza kudai muda wa ziada. Kwa kanuni ya mtengenezaji, kipimo cha mwanga kikisema sekunde 10, muda halisi huwa takriban 20, na cha 30 hufikia 86. FP4 Plus, ndugu yake wa ISO 125, ingetaka takriban 73 pale kipimo kinaposoma 30. Lakini kwa kuwa katika mwanga uleule kipimo cha FP4 Plus chenyewe huanzia muda mrefu zaidi, HP5 Plus bado ndiyo inayomaliza mapema, jambo ambalo mwenye kupiga picha kwenye upepo atalithamini.

Vipande vina msingi mgumu wa poliesta wa milimita 0.18 usiojikunja, na mikato ya ukingoni hupapaswa kwa urahisi katika giza totoro: ikiwa juu kulia, upande wenye dawa unakutazama. Vishikilia vifutwe vumbi kabla ya kujazwa, maana kila punje huacha doa jeusi kwenye chapa. Anayepiga mandhari peke yake, kamera ikiwa imesimama imara na hakuna majani yanayotikisika, achukue FP4 Plus. Anayechanganya milima na nyuso katika safari moja, tena akiwa na vishikilia vichache vyenye vipande viwili viwili, aanze na boksi la vipande 25 vya HP5 Plus.