Namtafuta bibi wa Ohio: FamilySearch na faili la pensheni

Hela yangu ya kwanza ilipotea. Kampuni moja ya mtandaoni, ambayo siitaji, ilinichorea mti wa ukoo wa upande wa mume wangu, umetiwa rangi na fremu. Bibi tuliyemtafuta kazaliwa Ohio 1841. Mama yake, kwa mujibu wa mti ule, kazaliwa 1839. Katoto ka miaka miwili kamejifungua! Nililalamika, nikajibiwa na mashine.

Mama mkwe wangu ni kitukuu cha bibi huyo, na alichotaka ni kimoja tu: kwao ni wapi, yaani alizaliwa ukoo gani? Kaburini wameandika jina la kwanza na "mke wa" fulani, basi. Kwetu Tanga ningepika kahawa, nikamwita shangazi mmoja, jioni ningekuwa na nasaba nzima.

Nikahamia FamilySearch, tovuti ya kutafutia ukoo. Ni bure, unafungua akaunti tu. Inaendeshwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lakini hakuna aliyeniuliza dini. Ushauri wangu: usianzie kwenye mti wao wa pamoja, maana kila mwenye akaunti anaweza kuubadilisha. Nenda kwenye picha za nyaraka zenyewe. Nyingine hufunguka ukiwa kwenye vituo vyao tu, kwa hiyo jiandae kutoka nyumbani.

Sensa za Marekani hadi ya 1840 zilitaja mkuu wa kaya peke yake. Mke alikuwa tarakimu ndani ya safu. Ya 1850 ikaandika majina ya watu huru wote, bila kusema nani ni nani kwa nani. Hilo lilianza 1880. Basi nikaisoma ya 1880 polepole, na chini kabisa, baada ya watoto, nikamkuta mjane wa miaka 68: "mama mkwe" wa mkuu wa kaya, mume wa bibi yetu. Yaani mama wa bibi yetu, na jina lake la ukoo hilo hapo! Mkwe nimeokolewa na mkwe.

Ila mjane huenda aliolewa tena, jina likawa la mume wa pili. Sikutaka kurudia aibu ya ule mti. Sensa ya 1890 usihangaike nayo, karibu yote iliangamia kwa sababu ya moto wa Washington wa 1921.

Kilichonisaidia ni kifo cha mume wa bibi yetu, 1891. Alipigana upande wa Kaskazini kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na sheria ya 1890 ilimpa mjane wa askari aliyetumikia angalau siku 90 dola 8 kwa mwezi, lakini athibitishe ndoa. Faharasa ya pensheni ipo FamilySearch. Faili lenyewe niliagiza kwa malipo kutoka Nyaraka za Taifa, Washington. Lilichukua muda. Lilipofika, lilikuwa na kiapo cha mdogo wake bibi: alikuwepo harusini, nyumbani kwa baba yao, 1862, na baba kamtaja kwa jina. Likalingana na la yule mjane. Jirani naye kaapa kwamba bibi hana kitu ila ng'ombe mmoja na kufua nguo za watu. Bibi mwenyewe hakuandika jina, alitia X mbele ya mashahidi wawili.

FamilySearch naipa nyota tano. Mama mkwe ameomba nakala ya ukurasa wenye ile X aitundike sebuleni. Mti wa fremu uko stoo, umegeuzwa uso ukutani.