Soketi za kufungulia bolti zilizoganda: geuza kwanza uangalie mdomo

Malalamiko mnayonitumia siku hizi yanafanana mno. Mtu ana lori la zamani, au trekta, au kompresa iliyokaa nje miaka, kanunua boksi jipya la soketi linang'aa vizuri tu, siku ya kwanza kaipachika kwenye bolti ya giaboksi, kavuta, kraa! Soketi imezunguka, bolti iko pale pale na pembe zimelika. Afu akilalamika anaambiwa hajui kuvuta. Alivuta vizuri jamani, alichouziwa ndo kibovu, na ubovu wenyewe uko sehemu ambayo karibu hakuna mnunuzi anayeiangalia.

Idadi ya vipande siongelei, wala racheti (ule mpini wa kuzungushia soketi) ina meno mangapi, hizo nyimbo wauzaji wanaziimba vizuri kuliko mimi. Hata ile habari ya tundu la soketi kuwa na pembe 6 au pembe 12 naipitia haraka: bolti yenye kutu pembe 6, pembe 12 iachie bolti nzima iliyokaa pabaya ambapo mpini haupati nafasi ya kuzunguka. Basi.

Mimi shida yangu ni mdomo. Chukua soketi, igeuze, angalia pale inapoingilia bolti. Ukingo wa ndani umechongwa mteremko ili soketi iingie haraka bila kuhangaika. Ule mteremko haushiki chochote. Kwenye nati nene huoni tofauti, ila sasa piga hesabu ya bolti ya kawaida ya M8, yaani yenye uzi wa kipenyo cha milimita 8: kichwa chake kina unene wa milimita 5.3 hivi, M6 ni milimita 4 tu. Soketi ikiwa na mteremko wa milimita 2, kwenye hiyo M8 umebakiwa na 3.3, na hapo bado hujatoa zile pembe za juu ambazo kiwandani kwenyewe zimepunguzwa kidogo, na bado hujatoa zilizoliwa na mafundi waliotangulia na spana zao za mdomo zilizopanuka. Sehemu ya kichwa ambayo bado ina pembe kali mara nyingi ni ile ya chini kabisa inayogusa chuma, na ndo hapohapo soketi yako haifiki! Unavuta kwa nguvu zako zote umeshikilia milimita mbili za chuma bovu. Bolti za sampu (bakuli la oili chini ya injini), za kava ya tapeti (mfuniko wa juu ya injini), za wota pampu, vikava vya giaboksi, kote huko vichwa ni vyembamba, na ndo kote huko mnakolia.

Kupima ni rahisi, hata vernia, kile kipimo cha milimita, si lazima. Ukiwa dukani weka soketi mdomo juu, mulika na tochi ya simu, utauona mpaka pale mteremko unapoishia na kuta zilizonyooka zinapoanza. Ukiona mteremko mpana, rudisha. Muuzaji akinuna, mwache anune.

Sasa mpangilio wangu wa soketi za kununua, na sifichi kwamba nina upande.

Namba moja ni Koken, pembe 6, zenye tundu la mraba la mpini la nusu inchi, na ununue moja moja. Hawa Wajapani wako kwenye kazi hii tangu 1946 na soketi ndo roho ya biashara yao, si kitu cha kujazia katalogi. Zile nilizoshika mdomo wake una mteremko mdogo, zinakaa kwenye bolti bila kuchezacheza, na laini yao ya Z-EAL ina kuta nyembamba na ni fupi, kwa hiyo inapenya mahali ambapo soketi nyingine inagonga bracketi. Wana pia zinazoitwa Nut Grip, ndani kuna vipira vya springi vinavyoishikilia nati isidondoke, na kama umewahi kudondosha nati ndani ya chesisi ukaisikia inagonga inaenda zake, unajua thamani yake. Ni ghali, ndiyo. Lakini huhitaji vipande mia, kwa lori la Kijapani la zamani anza na milimita 10, 12, 14, 17 na 19, kazi kubwa umeshaimaliza.

Namba mbili zitawashangaza: soketi nyeusi za mashine ya upepo (ile ya kufungulia nati kwa hewa ya kompresa), unazitumia kwa mkono. Chuma chake kimetengenezwa kustahimili kupigwa, hazipasuki hovyo, na zina faida moja ambayo sijaona mtu akiitaja, hazina kromu. Maana yake ukikuta mdomo una mteremko unaupeleka kwenye grenda unausaga mpaka ukingo unakuwa bapa kabisa na soketi inaanza kushika kuanzia milimita ya kwanza. Saga polepole, chovya kwenye maji kila mara, chuma kikibadilika rangi kuwa bluu umeshakiondolea ugumu wake. Ile ya kromu nayo inasagika ila ganda la kromu linabaki na ukingo mkali, linaweza kubanduka vipandevipande, na vile vipande vinakata vidole kama wembe. Ubaya wa nyeusi ni unene, haziingii kwenye mashimo finyu. Na tafadhali sana usifanye kinyume, ukaweka soketi ya kromu kwenye mashine ya upepo, ikipasuka inarusha vipande usoni.

Namba tatu ni za Ulaya zilizotumika: Gedore, Hazet, Stahlwille, Facom. Ukizipata kwa mtu anayefunga karakana, chukua. Kagua tu kama kuta za ndani hazijavimba, na nyingi utakuta ni pembe 12, hizo ziache.

Namba nne, boksi za Taiwani, King Tony na Toptul. Kazi nzuri, bei ya binadamu, ila midomo haifanani hata ndani ya boksi moja, kwa hiyo kagua kila kipande.

Yale maboksi ya bei ya chini kabisa yenye vipande mia mbili na kitu, nusu yake biti za bisibisi: kwa baiskeli sawa.

Nati za magurudumu ya lori msiniulize humu, hizo ni mpini wa robo tatu au inchi nzima, milimita 32 au 33 kwa nyingi za Ulaya, 41 kwa za Kijapani za zamani pamoja na ile ya mraba 21 ya nati ya gurudumu la ndani. Nati zenyewe ni nene, mdomo hausumbui sana.

Kinachoniudhi mimi ni huu mtindo wa kuuza boksi zima tu. Bolti ya M10 peke yake inaweza kuwa na kichwa cha milimita 14 kwa Mjapani, 17 kwa Mjerumani wa zamani, 16 kwa kipimo cha sasa cha kimataifa, halafu boksi kibao zinaruka 16, zinaruka 18, na nafasi yake wamejaza vitu ambavyo hutavigusa maisha yako yote. Ukiuliza ile 16 moja unaambiwa "dada, haiuzwi peke yake, chukua seti". Nichukue seti nyingine ambayo nayo haina 16? Na ukimwomba aifungue uone mdomo wa soketi anakwambia plastiki ikishachanwa umenunua. Mimi huyo huwa namwachia boksi lake hapohapo, kwa sababu anayeuza kitu kizuri haogopi ukikigeuza, na kama wote mkianza kuomba kugeuza, mtaona zile za kipande kimoja kimoja zinavyotolewa stoo.