Dawa, mswaki au uzi wa meno: hela yako ianzie wapi

Kwa mwenye bajeti ya kawaida, hela ya meno ianzie kwenye dawa, si kwenye mswaki wa bei mbaya.

Namba moja ni dawa ya meno yenye floraidi. Hiyo ndiyo inayoimarisha jino lisitoboke, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Geuza boksi, tafuta herufi ppm, yaani kipimo cha floraidi iliyomo: mtu mzima anataka kati ya 1,000 na 1,500. Zikiwepo, ya bei nafuu ya duka la Mangi inatosha. Mistari ya rangi ni mapambo tu. Zinazojiita za mitishamba zisome kwa makini, kuna zisizo na floraidi kabisa. Ukimaliza kupiga mswaki tema, usisukutue kwa maji mengi, maana utakuwa unaimwaga dawa uliyoinunua. Mtoto chini ya miaka 3 mpakie kiasi cha punje ya mchele, wa miaka 3 hadi 6 punje ya njegere, na usimwachie tyubu.

Namba mbili, mswaki laini. Wengi wetu tunaomba mgumu, eti ndio unaong'arisha. Mgumu ukichanganya na nguvu unarudisha fizi nyuma, shingo ya jino inabaki wazi, na hapo maji ya friji yanakuwa adhabu. Chagua ulioandikwa Soft, wenye kichwa kidogo kinachofika nyuma ya gego la mwisho. Ulaze kwenye mpaka wa jino na fizi, zungusha taratibu, dakika 2 asubuhi na 2 kabla ya kulala. Baada ya miezi 3, au nywele zikitawanyika kabla ya hapo, utupe. Ndiyo maana miwili ya bei ya chini inaushinda mmoja wa kifahari unaong'ang'aniwa mwaka mzima.

Namba tatu ni uzi wa meno, na hapa ndipo wengi tunabana matumizi bila sababu. Kati ya jino na jino mswaki haufiki. Kata kama sentimita 45, zungushia vidole vya kati, upitishe taratibu, kisha uukumbatishe kwenye jino na kuupandisha na kuushusha hadi chini kidogo ya ukingo wa fizi. Usiuvute kwa kishindo, utachana fizi. Damu ya siku za mwanzo mara nyingi inatoka kwenye fizi zilizokwisha vimba. Ikizidi wiki mbili, muone daktari wa meno. Kikasha cha mita 50 kinakupa mara 110 hivi, kwa hiyo gawanya bei kabla ya kusema ni ghali. Meno yaliyobanana yanataka uzi wenye nta. Yenye nafasi pana, vibrashi vidogo vya katikati ya meno ni bora zaidi. Vijiti vya kwenye meza ya nyama choma vinatoa nyama, basi.

Mswaki wa umeme nauweka wa nne. Unapunguza utando, ule ute wa bakteria unaoganda kwenye meno, kuliko wa mkono, ila ununue tu kama vichwa vya kubadilisha vinapatikana mjini kwenu. Kwa mzee ambaye vidole vimekaza, ningeupandisha juu ya uzi. Mswaki wa mti, ule unaouzwa nje ya misikiti, unasafisha vizuri kwa anayejua kuutafuna na kufika meno ya nyuma, lakini hauondoi haja ya dawa.

Maji ya kusukutua ni ya mwisho. Yanaburudisha kinywa, hayakwangui utando.

Poda ya mkaa iache rafuni: inakwaruza jino. Madoa ya kahawia ya waliokulia maji ya Arusha, yenye floraidi nyingi kupita kiasi, yako ndani ya jino lenyewe na mkaa hauyagusi. Ukoga uliokwisha kuwa mgumu nao hautoki kwa kitu cha dukani. Hela ya poda iongezee kwenye kusafisha meno kliniki.