Uzoefu wangu na rclone: bakapu ya faili za klaudi

Natumia rclone, programu ya kunakili faili kutoka klaudi, muda sasa kuweka bakapu ya faili zangu za Google Drive kwenye diski yangu na kwa kweli naipenda sana hii kitu. Watu wengi wanadhani faili ikishapanda klaudi basi iko salama, kumbe ile ni kusinki tu, ukifuta folda kwenye simu inapotea na kwenye kompyuta na kila ulipofungua hiyo akaunti. Pipa la taka lipo ndio, ila Drive inakifuta kabisa kilichomo baada ya siku 30, na kuna mafolda mtu hayafungui hata nusu mwaka, sasa utajuaje kama halipo?

Programu yenyewe ni ya bure, inaongea na Drive, OneDrive, Dropbox na huduma nyingine kibao. Kazi yake ni ya kuandika amri, so kama hujazoea mwanzoni utaona ugumu, ila ukiandika rclone config inakuuliza swali mojamoja mpaka akaunti inaunganika. Halafu haijiendeshi yenyewe kila siku, lazima uipangie ratiba kwa cron (ya Linux na Mac) au Task Scheduler (ya Windows).

Pa kuwa makini ni hapa kwenye copy na sync. Copy inaleta vipya na vilivyobadilika na haifuti kitu, sync inafanya pande mbili zifanane, yaani kilichofutwa Drive kinafutwa na kwenye diski yako pia, hiyo sio bakapu jamani! Lakini hata copy peke yake haitoshi, mtu mnaeshea nae akivuruga jedwali akasevu, usiku copy inaleta lile lililovurugika inaandika juu ya zima. Ndo maana mimi natumia sync pamoja na --backup-dir, hapo kila kinachotaka kufutwa au kubadilishwa kwenye diski kinahamishiwa kwanza folda ya pembeni, naipa jina la tarehe ya siku hiyo, nikitaka faili ya juzi naenda naichukua. Hiyo folda iwe kwenye diski hiyohiyo ila isiwe ndani ya ile unayosinki. Na kabla ya kuiachia weka --dry-run, inakuonyesha ingefanya nini bila kugusa chochote.

Google Docs zinashuka kama docx (faili za Word), Sheets kama xlsx (za Excel), zinafunguka fresh, ila historia ya mabadiliko haiji nazo.

Kingine nilichokipenda mno, wakati wa kuunganisha Drive inakuuliza unaipa ruhusa gani, chagua ya kusoma tu. Ukishafanya hivyo hata ukikosea amri ukageuza chanzo na mwisho, rclone haina uwezo wa kufuta chochote kule Drive.