Uzoefu wangu: seti ya sinema ya kukodi kwa ua wa Lamu

Seti hukodishwa KSh 9,000 kwa usiku mmoja. Boti kutoka Mokowe, gati ya upande wa bara, na mkokoteni hadi mlangoni ni juu yako. Unaletewa projekta ya lumeni 3,000 (kipimo cha wingi wa mwanga), kitambaa cheupe cha mita 4 kwa 2.25, fremu ya alumini, spika mbili na nyaya. Nimeitumia katika ua wa mita 10 kwa 14, kuta za matumbawe pande zote nne. Ninaipima kwa majumba makubwa ya sinema ya miaka ya 1920 na 1930, kwa sababu karibu kila tabu inayokupata uani wale wajenzi walishaitafutia dawa.

Ndani ya nyumba ya mawe haifai. Vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba kwa kuwa boriti ya mkoko haivuki zaidi ya mita 2.8 hivi, wakati jumba la sinema la Roxy la New York (1927) iliketisha watu karibu 6,000 chini ya paa moja la mihimili ya chuma. Kwa hiyo ni uani, na kusema kweli si hasara. Msanifu majengo John Eberson alipojenga jumba la Majestic la Houston mwaka 1923 alilipaka dari rangi ya anga la usiku na kulitia balbu ndogondogo ziwe nyota. Grand Rex ya Paris, ya mwaka 1932, ina dari la namna hiyo mpaka leo. Lamu unalipata bure. Ila Eberson hakuwa na upepo wa kusi.

Upepo wa mita 8 kwa sekunde ukikipiga kitambaa cha mita za mraba 9 unasukuma kwa nguvu ya kama kilo 40, na kitambaa kinageuka tanga. Miguu ya fremu hii ni myepesi mno. Dawa: wakati wa kusi isimamishe chini ya ukuta wa kusini, wakati wa kaskazi chini ya ule wa kaskazini, na isiupite ukuta kwa kimo. Kila mguu uwekee debe la mchanga. Vibanio vya plastiki vilivyomo achana navyo, vinakatika. Funga kwa kamba za mpira kila sentimita 40 ili kitambaa kipumue. Wala usipige misumari ukutani, chokaa ya zamani inabomoka.

Picha ni nzuri kuliko nilivyotarajia. Ukiiweka projekta katika hali ya sinema, mwanga hushuka hadi nusu hivi, na hesabu ya mng'ao wa skrini inakupa kandela 53 kwa mita ya mraba, wakati kipimo cha kumbi za kidijitali ni 48. Tatizo ni chokaa nyeupe: kuta zinaurudisha mwanga kwenye skrini, na cheusi kinakuwa kijivu. Majumba ya zamani yalizungushia skrini kitambaa cheusi kizito. Seti hii haina, kwa hiyo shona ukingo mweusi wa sentimita 10 na uzime kila taa inayoielekea.

Lenzi inataka mita 6 ili kujaza upana wa mita 4, maana yake projekta inakaa katikati ya watu. Kuipandisha ghorofani kunaipinda picha, chini pana juu nyembamba. Vyumba vya mitambo vya zamani, vilivyowekwa juu nyuma ya roshani, vilikuwa na kasoro hiyohiyo, na ukingo mweusi ndio ulioificha. Kitufe cha kunyoosha picha kinapunguza ukali wake. Afadhali meza uani, na njia wazi mbele yake.

Sauti ndiyo iliyonikera. Aliyekaa mita 3 kutoka kwenye spika anaisikia, kisha inamrudia kutoka ukuta wa nyuma ikiwa imekwenda mita 22 zaidi: milisekunde 64 baadaye, na maneno yanagongana. Nakshi za plasta katika majumba yale hazikuwa pambo tu; zilitawanya sauti, na mazulia, mapazia na viti vya mahameli viliinywa. Hapa tundika majamvi na turubai nzito ukuta wote wa nyuma, ukiacha nafasi ya kiganja kati ya turubai na ukuta. Spika ziinue zielekee safu ya mwisho, kwa sauti ya chini. Kumbi zilitoboa skrini matundu madogo ili spika zikae nyuma yake, mdomo na sauti vitoke mahali pamoja. Kitambaa hiki hakina matundu, basi ziweke ubavuni, karibu nacho. Tumia waya, maana bluutuu inachelewesha sauti, ikaachwa nyuma na midomo.

Watu wakae mikeka mbele, mabenchi katikati, viti nyuma, na ukingo wa chini wa skrini uwe mita 1.3 juu ya ardhi. Anza baada ya Isha, giza limetimia.

Ninaipa nyota 3 kati ya 5: projekta inastahili 4, fremu 2. Kabla ya kulipa, mwambie mwenye seti afungue kichujio cha hewa cha projekta mbele yako. Cha seti niliyopewa kilikuwa kimeziba vumbi na chumvi, na mashine ikijizima kwa joto katikati ya filamu itakubidi usubiri ipoe ndipo iwake tena.