GnuCash na salio la kuanzia lisilobadilishwa kwa mkono: tathmini ya usuluhishi wa akaunti

Nimeweka hesabu zangu binafsi kwa GnuCash kwa miaka kadhaa, na katika tathmini hii nitashughulika na sehemu moja tu ya programu hiyo, yaani usuluhishi wa akaunti na taarifa ya benki (kuhakikisha kwamba miamala uliyoiandika inalingana na ile ya benki), kwa sababu hapo ndipo watumiaji wengi hukwama na baadhi yao huiacha kabisa. GnuCash ni programu huria isiyolipiwa, ambayo ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1998, ikafikia toleo la 5.0 mwezi Machi 2023, na inafanya kazi kwenye Linux, Windows na macOS. Msingi wake ni maingizo mawili: kila muamala huandikwa pande mbili, debiti na krediti, zinazopaswa kulingana, na ule uliokosa upande wake wa pili hupelekwa kwenye akaunti maalumu inayoitwa Imbalance, ambako hubaki ukionekana wazi mpaka mwenye hesabu aushughulikie.

Usuluhishi wenyewe hauna mambo mengi. Unachagua akaunti, unaandika tarehe ya taarifa ya benki na salio lake la mwisho, kisha linafunguka dirisha lenye fedha zilizoingia upande mmoja na zilizotoka upande wa pili. Unaweka tiki kwenye kila muamala unaouona katika taarifa, na chini ya dirisha tofauti inapungua kadiri unavyoendelea. Kitufe cha kumaliza hakikubali kubonyezwa mpaka tofauti iwe sufuri. Ukichoka kabla ya kufika hapo unaweza kuahirisha, na tiki ulizokwisha kuweka hazipotei. Katika leja, yaani daftari la miamala ya akaunti, kiolesura cha Kiingereza huonyesha hali ya kila muamala kwa herufi moja: n kwa ambao haujaguswa, c kwa uliokwisha kuonekana benki, na y kwa uliokwisha kusuluhishwa.

Jambo linalowakasirisha wengi, nami ninaliona kuwa ubora mkubwa kuliko wote katika programu hii, ni kwamba salio la kuanzia haliandikwi na mtumiaji. Programu hulikokotoa yenyewe kwa kujumlisha miamala yote yenye herufi y. Kwa hiyo salio hilo likitofautiana na lile lililochapishwa juu ya taarifa ya benki, tatizo haliko katika mwezi unaoushughulikia. Kuna muamala wa zamani uliosuluhishwa ambao umebadilishwa, umefutwa, au umerudishwa kuwa n. Mtu asiyejua hilo anaweza kumaliza jioni nzima akipekua miamala ya mwezi ambao hauna kosa lolote.

Mimi mwenyewe nilifanya hivyo. Nilipofungua taarifa ya Juni, salio la kuanzia lilizidi lile la benki kwa 346.20, nami nikaanza kuhakiki Juni mstari kwa mstari. Baada ya muda mrefu ndipo nilipoichuja leja ili ifiche miamala yote iliyokwisha kusuluhishwa, na papo hapo, juu ya orodha ya Juni, ukabaki muamala mmoja wa Aprili wenye herufi n na kiasi cha 346.20. Nilikumbuka kwamba wiki mbili kabla nilikuwa nimeugawa katika aina mbili za matumizi. Programu hutoa onyo kabla ya kukuruhusu kuhariri muamala uliosuluhishwa, na hueleza kwamba ukiendelea usuluhishi wake utaondolewa, lakini zamani nilikuwa nimeweka tiki ya kutoonyeshwa onyo hilo tena. Kuurekebisha kulichukua dakika moja: nilianza usuluhishi upya kwa tarehe na salio la mwisho la taarifa ya Mei, nikaweka tiki kwenye muamala huo peke yake, tofauti ikawa sufuri, nikafunga. Kisha niliyarejesha maonyo yote kupitia menyu, na ninamshauri kila mtumiaji asiyazime kamwe.

Pale ambapo salio la kuanzia ni sahihi lakini tofauti haiondoki, namba yenyewe mara nyingi hueleza kosa liko wapi, na hili linafaa katika programu yoyote ya hesabu. Kwanza utafute muamala wenye kiasi kilekile cha tofauti, kwani huenda umesahauliwa au umerudiwa. Usipoupata, utafute wenye nusu ya kiasi hicho: rejesho la 75 lililoandikwa kama malipo huzaa tofauti ya 150. Tofauti ikigawanyika kwa 9 bila baki, shuku tarakimu zilizobadilishana nafasi, kwa mfano 481 iliyoandikwa mahali pa 418, ambayo huleta 63. Na ikiwa umeweka tiki zote za kadi ya mkopo na tofauti ni mara mbili ya salio la mwisho, bila shaka umeliandika salio hilo kwa ishara isiyo yake (chanya mahali pa hasi, au kinyume chake).

Kuingiza miamala kutoka faili za benki kunapunguza makosa ya kuandika lakini kunaleta ya aina nyingine, na hapa GnuCash inahitaji uangalifu zaidi. Faili za OFX, mojawapo ya miundo ya faili za benki, hubeba kitambulisho cha kila muamala, hivyo ukiingiza faili ileile mara mbili programu hutambua yaliyokwisha kuingia. Faili za miundo mingine, QIF na CSV, hazina msaada huo, nayo programu hulazimika kukisia kwa tarehe, kiasi na maelezo. Kosa nililolikuta mara nyingi zaidi ni la uhamisho kati ya akaunti zako mwenyewe. Fedha ikitoka akaunti ya akiba kwenda ya matumizi, benki huiandika katika taarifa zote mbili, lakini katika maingizo mawili huo ni muamala mmoja tu. Ukiingiza faili zote mbili bila kusoma mapendekezo ya programu, uhamisho utaandikwa mara mbili na akaunti zote mbili zitapotoka kwa kiasi kilekile. Wakati wa kuingiza faili ya pili, hakikisha uhamisho huo umelinganishwa na muamala uliopo, usiongezwe kama mpya.

Kipo pia kitufe cha kusawazisha, ambacho huongeza ingizo la kuziba tofauti iliyobaki. Ninakitumia kwa makato ya benki au riba ambayo ninaiona kwa macho yangu katika taarifa na sikuwa nimeiandika, na si kwa jambo jingine lolote, maana tofauti ndogo inaweza kuwa makosa mawili makubwa yanayokaribia kufutana. Nina shaka vilevile na chaguo la kuweka tiki kiotomatiki, ambalo hutafuta mchanganyiko wa miamala unaofikia salio ulilotaja. Panapokuwa na miamala mingi, mchanganyiko unaweza kutimia kwa bahati tu bila kuwa ule wa benki.

Upungufu ninaoulalamikia kwa dhati ni kwamba kuutengua usuluhishi wa mwezi mzima ni kazi ya kuchosha, kwa kuwa katika leja herufi y hurudishwa kuwa n muamala mmoja baada ya mwingine, na kila mara programu huuliza kama umekusudia. Kinachofidia kwa kiasi ni kwamba data ikihifadhiwa kwa muundo wa faili uitwao XML, programu huweka nakala rudufu zenye tarehe na saa kando ya faili kuu na kuzitunza kwa siku 30 isipokuwa umebadilisha mpangilio. Mara mbili nimeona ni heri kufungua nakala ya siku iliyotangulia na kuandika upya miamala michache ya siku moja kuliko kutengua tiki zaidi ya themanini.

Kwa anayetaka programu imalize kila kitu bila yeye kuifungua taarifa ya benki, GnuCash haimfai. Kwa aliye tayari kukaa nayo nusu saa kila mwezi, taarifa ikiwa mkononi, ninaipendekeza bila kusita.